Jiko la shira ya mepo: futi 2 kwa 4 au 2 kwa 6?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena kibandani kwangu hapa Vermont, Marekani. Msimu umeingia: usiku barafu, mchana jua linayeyusha, na ndoo kwenye miti ya mepo (maple) zinajaa utomvu. Kila mwaka mnaniuliza, ninunue jiko la ukubwa gani la kuchemshia utomvu huo uwe shira? Wengi mnaanza kwa kuhesabu miti. Nawaomba muanze kwa kuhesabu saa.

Utomvu wa mepo una sukari asilimia 2 hivi, kilichobaki karibu chote ni maji. Zinahitajika lita 40 hadi 43 kupata lita 1 ya shira. Na utomvu haukai. Ukipata joto siku mbili tatu unachacha kama maziwa. Kwa hiyo kilichotoka leo kichemshwe leo, ukichelewa sana kesho.

Sasa tazameni sinia hili la kuchemshia, linalokaa juu ya jiko. Chini ni bapa, upana futi 2, urefu futi 4, jumla futi 8 za mraba. Moto wa kuni ukiwaka vizuri, kila futi ya mraba inapunguza kama lita 4 kwa saa, kwa hiyo sinia zima ni lita 30 hivi. Chukulia una vibomba 60 vya kutolea utomvu mitini, na siku nzuri kila kimoja kinatoa lita 4. Hizo ni lita 240, saa 8 za kusimama hapa unachochea kuni. Ukitoka kazini ukaanza saa kumi na mbili jioni, unamaliza saa nane usiku. Na asubuhi kazi inakungoja.

Ndiyo maana watu wanakimbilia futi 2 kwa 6, na hapo ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua la ukubwa huo, limeshatumika, nami nilikuwa na vibomba 20 tu. Sinia linataka kina cha sentimita 5 hivi kote. La 2 kwa 6 linameza lita 56 kabla hujaona hata tone la shira, na siku ile nilikuwa na lita 80. Nikaishiwa cha kuongeza, kina kikashuka upande wa koki, na dakika chache baadaye nikasikia harufu. Nasogeza kamera kwenye sinia lile la zamani: hii alama nyeusi hapa pembeni ni ya siku hiyo. Nimeisugua kwa siki mara ngapi, haitoki. Aliyewahi kupika shira ya kaimati anajua, ikishakolea haimngoji mtu.

Sinia nililo nalo leo lina kuta hizi za ndani, na kwangu hizi ni muhimu kuliko futi mbili za ziada. Utomvu mpya unaingia huku, unazunguka taratibu, unakolea njiani, mpaka unafika kwenye koki ukiwa mzito. Bila kuta hizo unachanganya mbichi na iliyokaribia kuiva, na rangi inazidi kuwa nyeusi.

Kama vibomba vyako havizidi 30, la futi 2 kwa 3 linakutosha kabisa. Kati ya 40 na 80, chukua 2 kwa 4. Ukiona saa 8 ni nyingi, tafuta la 2 kwa 4 lenye mifereji ya chini inayoshuka ndani ya moto, kabla ya kufikiria kurefusha. Eneo linaloguswa na moto linaongezeka sana, na unaweza kupunguza lita 55 kwa saa. Bei yake ni kubwa, na kuisafisha mifereji ni kazi. Lile la 2 kwa 6 ningemshauri mwenye vibomba zaidi ya 100.

Sinia kuukuu lililoungwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, msilinunue, hata mkipewa bure. Hiki ni chakula. Na kabla ya kuwasha moto wekeni pimamaji juu ya sinia, maana likiinama kidogo tu, kona moja itakauka.

Povu linapanda, natia tone la siagi. Mmeona lilivyotulia? Kipimajoto kimefika nyuzi 4 za Selsiasi juu ya kiwango cha maji kuchemka, ndiyo shira hiyo. Nafungua koki.