Mkunjo wa S ulivyonizamishia picha: uzoefu wangu na nodi za Blender

Blender ni programu ya 3D na picha, na nodi zake ni visanduku vya kazi vinavyounganishwa kwa waya. Siku ya kwanza kufungua nodi ya mikunjo ya RGB, yaani grafu ya kurekebisha mwanga na rangi kwa kupinda mstari, nilifanya nilichozoea miaka yote: nukta moja upande wa vivuli, nikaishusha kidogo; nyingine upande wa mwanga, nikaipandisha. S ya kawaida kabisa. Picha ikawa kama imepakwa masizi. Nywele, koti na ukuta wa nyuma vyote vikamezwa na giza, na mimi nikaanza kulaumu skrini.

Skrini haikuwa na kosa. Blender hukokotoa kwa thamani za mwanga wenyewe, kabla hazijapindishwa ili zionekane vizuri kwa macho. Kijivu cha kati, ambacho kwenye vihariri vingi vya picha hukaa karibu na 0.46 (0 ni nyeusi, 1 ni nyeupe), hapa kinakaa 0.18. Nukta yangu ya "vivuli" nilikuwa nimeichomeka 0.25, yaani juu ya kijivu cha kati! Vivuli vyenyewe vimebanana kwenye kijisehemu cha kushoto kabisa, mahali ambapo ukitikisa kipanya kidogo tu umeharibu.

Nilizozitumia kama dawa ni nodi mbili za Gamma, ambazo hupandisha kila thamani kwa kipeo unachoandika: 0.4545 kabla ya mkunjo, 2.2 baada yake. Ya kwanza inakunjua vivuli vipate nafasi kwenye grafu, ya pili inarudisha kila kitu kilipokuwa. S yangu ya zamani ikafanya kazi bila kubadilisha hata nukta moja. Hapo ndipo nilipoanza kuzipenda nodi, maana kwenye kihariri changu cha zamani nisingeweza hata kuuliza mkunjo ukae wapi kwenye mnyororo.

Kilichonifurahisha zaidi ni tundu la kiwango pembeni mwa nodi, linaloamua mkunjo ufanye kazi kwa nguvu gani. Linapokea namba, lakini linapokea pia picha ya kijivu. Nikiunganisha maski (picha ya kijivu inayoonyesha sehemu ya kuguswa), mkunjo unagusa uso tu na kuiacha anga. Maski hiyo hiyo naivutia waya mwingine hadi nodi ya rangi, basi.

Rangi nazo zina mambo yake. Ukivuta mkunjo wa C, ule wa pamoja, chaneli zote tatu (nyekundu, kijani na buluu) zinapita humo kila moja kivyake, kwa hiyo tofauti ya mwanga ikiongezeka rangi nazo zinakolea. Ngozi ilinigeukia chungwa mara kadhaa kabla sijagundua mtindo wa filamu kwenye nodi ile ile, unaotunza rangi isihame. Kosa jingine lilikuwa langu tupu: nilibadilisha namna mkunjo unavyoendelea baada ya 1, nikaulaza mlalo. Taa zote zenye thamani kubwa kuliko hapo zikawa bapa, doa jeupe lisilo na umbo. Nimerudisha uendelee kwa mteremko wake.

Grafu yenyewe ni ndogo, ila ukivuta ukingo wa nodi inapanuka, na nukta uliyoichagua unaweza kuiandikia namba. Nyuma yake hakuna histogramu (chati ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha), hivyo mimi huacha dirisha la vipimo wazi pembeni.

Kwa picha moja ya haraka sisumbuki na nodi hizi. Kwa mfululizo wa picha zilizopigwa kwenye mwanga mmoja, nabadilisha faili la kuingiza tu, kisha nabonyeza M kuizima na kuiwasha nodi ya mikunjo nione kama bado inasaidia. Mara nyingi naishia kufuta nukta.