Unga wa vidonda, mshubiri na asali: nimevijaribu mikononi mwangu

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko. Kazi hii haikuachi na mikono mizima: leo patasi imeteleza, kesho kibanzi cha mninga kimeingia chini ya ukucha. Mtu wa kumjaribishia dawa za vidonda sikuhitaji kumtafuta mbali.

Nilianza na unga, ambao nilinunua kwenye kibanda cha dawa za asili, shilingi 5,000 kikopo, siku patasi iliponichana kiganja karibu na kidole gumba. Kwenye kikopo pamebandikwa karatasi: vidonda sugu, chango, kisukari, nguvu za kiume. Nikamuuliza muuzaji ni mti gani huo, akasema ni siri ya babu yake. Nami damu inachuruzika, ningebishana nini? Nikalipa.

Haki yake nimpe: damu ilikata upesi. Lakini hata vumbi la randa lingenyonya damu. Siku ya tatu unga ulikuwa umegandamana na damu, juu pagumu kama gundi iliyokauka, chini panapwita. Zahanati muuguzi aliulowesha kwa maji ya chumvi na kuutoa kidogo kidogo, karibu nusu saa, mimi nimeuma meno mbele ya watoto waliokuja chanjo. Chini yake usaha. Akanichoma sindano ya pepopunda, kisha akaniuliza: "Baba, vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo. Huu unga ulianikwa wapi?" Nilikosa la kusema.

Mshubiri mke wangu anao mlangoni, kaupanda kwenye kopo la rangi. Niliujaribu nilipoungua shavu la mguu kwa eksozi ya bodaboda. Kwanza nilimwagia maji ya bomba mpaka moto ukapungua, halafu nikavunja jani na kupaka hivyohivyo. Nikawashwa! Kumbe ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda ndio mkorofi. Siku hizi nalisimamisha jani lichuruzike kwanza, nalimenya, natumia ule ute mweupe tu. Kwa kuungua kidogo, unapoza vizuri mno. Kwa jeraha la kukatwa sioni kazi yake, unateleza tu na kuondoka.

Sasa asali. Shemeji aliniletea lita moja kutoka Sikonge, Tabora, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi kuwa imechanganywa na sukari guru (yale majaribio ya kuchovya njiti ya kiberiti ili kujua kama asali ni halisi mimi siyaamini). Msumeno uliponiparua kidole cha shahada, nilikiosha kwa maji na sabuni, nikapaka asali kwenye gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, si kwenye kidonda, nikafunga. Dakika za mwanzo inachonyota. Lakini kesho yake gozi lilitoka lenyewe, halikung'ang'ania nyama, na harufu hakuna. Yule muuguzi alinieleza kwamba asali huvuta maji na ina uchachu, vijidudu havistawi humo. Akaongeza kuwa asali ya kufungia vidonda hospitalini husafishwa kwa mionzi, hii yangu ya chupa niishie nayo kwenye michubuko. Nilibadilisha kila siku, siku ya tisa kidole kikafunga. Kasoro: inachuruzika, na usiku wa pili niliamka sisimizi wamenipanda mpaka kwenye kiwiko.

Mama yangu ana kisukari. Kidonda chake cha mguu sikigusi kwa chochote kati ya hivi, huyo ni hospitali moja kwa moja.

Asali naipa nane kwa kumi, mbili nimezikata kwa ajili ya sisimizi. Mshubiri saba, kwa kuungua tu. Unga sina alama ya kuupa. Nimeumwaga, kikopo naweka misumari ya inchi moja, na kwa kazi hiyo kinafaa sana, kina mfuniko mzuri.