TAHADHARI: Gundi feki ya raba za milango, Mombasa. Ukisikia harufu ya siki, usipake!

Jamani wenye magari ya zamani, kuna mchuuzi anazunguka gereji za Mombasa kuanzia Mwembe Tayari mpaka Changamwe, huja baada ya alasiri na mkoba mweusi. Hana duka. Anauza "gundi nyeusi ya raba, ya Marekani" nusu ya bei ya dukani. Amenila, na gari langu limeliwa kutu.

Gari ni Peugeot 504 ya marehemu baba, zile zilizounganishwa hapa hapa Mombasa. Raba za milango zilikuwa zimekauka mpaka zinapukutika, mvua ya Aprili ikinyesha abiria wa nyuma anatia miguu kwenye karai. Nikaagiza seti mpya, nikangoja wiki sita. Kilichobaki ni gundi tu, na huyu bwana akatokea kama kaitwa. Tyubu mbili, 1,800. Pesa ikaenda kwa nambari ya M-Pesa yenye jina lisilo lake. Hapo ningeshtuka, sikushtuka.

Nilipofungua tyubu ya kwanza, pua ilipigwa na siki. Siki kabisa, kama achari ya maembe iliyosahaulika juani. Nikajiambia labda ndizo gundi za siku hizi, nikapaka milango miwili.

Wiki ya tatu, jua la mchana likaivua raba ya mlango wa dereva kuanzia kona ya juu, ikaning'inia kama ulimi. Gundi yenyewe ilibanduka nzima nzima kama gamba la nyoka. Chini yake, kila mahali rangi ilipokuwa na mchubuko, palikuwa na mstari wa kutu mbichi. Ndipo nikaichukua ile tyubu, nikaikwangua lebo kwa ukucha. Chini ya lebo kuna picha ya sinki. Ni silikoni ya bafuni!

Silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, ile ile iliyomo kwenye siki, na asidi juu ya chuma kilicho wazi, kwenye hewa yetu ya chumvi, haihitaji muda mrefu. Kingine ni rangi. Fundi wangu alikataa kushika bunduki ya rangi mpaka silikoni iondoke yote, kwa sababu ikibaki hata utando usioonekana, rangi mpya inajikunyata na kuacha vitobo kama macho ya samaki. Na msije mkakimbilia msasa: ukipiga msasa kabla ya kuifuta kwa dawa ya kuondoa silikoni, unaisambaza tu. Siku mbili tulikwangua kwa kipande cha plastiki.

Tyubu ya kweli mkia wake umefungwa kwa mashine, sawasawa. Hizi zilikunjwa kwa koleo, alama za meno zipo. Lebo ukiisugua kwa kidole chenye mate, wino unatoka. Stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hamna. Lakini dalili isiyodanganya ni harufu: gundi halisi ya raba ina harufu kali ya thina, kama ya fundi viatu, na ukiivuta kwa kijiti inatoa nyuzi. Muuzaji asiyekubali ufungue unuse, muache na mzigo wake.

Jamaa pia atakusukumia supaglu "ya kona". Ikikauka inakuwa kama kigae, mlango ukibamizwa mara chache inapasuka. Aliniambia hata nigandishe raba ya kioo cha mbele! Raba ya kioo cha mbele cha 504 inaingizwa kwa kamba na maji ya sabuni, inajishika yenyewe.

Milango nimeirudia kwa gundi ya dukani. Kwanza raba ilivishwa kavu mlango mzima, pale ncha zake mbili zinapokutana pakawekwa chini. Tukaifuta kwa spiriti, maana raba mpya huja na unga unaozuia gundi. Halafu tukapaka nyembamba pande zote mbili, kwenye chuma na kwenye raba, tukasubiri mpaka kidole kikigusa kinanata bila kutoka na gundi. Kwa joto letu hapo ni dakika chache tu, kwa hiyo tulikwenda shubiri mbili tatu kwa wakati, gari likiwa kivulini. Usiivute raba ili itoshe. Kesho itarudi ilivyokuwa na kona zitaachia. Kwenye kona isukume kidogo kwa ndani. Na milango yote iwe wazi, hakuna sigara karibu, ule mvuke unashika moto.

Nilimkuta tena yule bwana wiki iliyopita. Akanitazama usoni: "Mzee wangu, gundi ni gundi, labda mkono wako." Nambari yake haipatikani tena.

Tyubu ya pili sikuifungua. Fundi ameitundika kwa uzi mlangoni pa gereji, lebo imebanduliwa nusu na sinki linaonekana vizuri, na kila mchuuzi wa gundi anayeingia huulizwa kwanza kama anaijua.