Wavu wa Nusu Inchi au Wavu wa Kuku: Upi Unalinda Banda Usiku?

Ndugu watazamaji, karibuni tena katika chaneli yetu. Mezani nimeweka vipande viwili vya wavu, na ninawaomba mvitazame vizuri kabla sijaendelea, kwa sababu ukivitazama kwa mbali vinakaribia kufanana, ilhali kimojawapo kilinipotezea vifaranga tisa kwa usiku mmoja. Cha kushoto ni wavu wa matundu ya pembesita, ule ambao wafugaji tumezoea kuuita wavu wa kuku. Cha kulia ni wavu wa chuma wenye matundu ya mraba ya nusu inchi, uliochomelewa kila waya zinapokutana, na hiyo ndiyo bidhaa tunayoichambua leo. Urefu, upana na uzito wa roli nzima vimeandikwa kwenye lebo, kwa hiyo sitavirudia. Nitazungumzia tundu, maana adui mdogo hahitaji zaidi ya hilo.

Sogezeni macho hapa. Hiki ni kijiti cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 20, nami nimekichagua kwa makusudi, kwa kuwa panya mkubwa hupenya kwenye tundu la kiasi hicho, na kicheche mdogo naye hupita penye milimita 25 hivi, kwani fuvu lake ni jembamba na mahali panapopita kichwa chake, mwili wote hufuata. Nakipitisha kijiti kwenye wavu wa kuku wa inchi moja: kimepita bila hata kugusa kingo. Napitisha sasa kwenye wavu wa nusu inchi, ambao tundu lake lina takriban milimita 12.7, na kama mnavyoona, kimegota. Nakigeuza, nakisukuma kwa nguvu, bado kimegota. Si lazima mnyama avunje kitu ili aingie katika banda lililozungushiwa wavu wa kushoto. Mlango wake uko wazi tangu siku ulipoujenga.

Naendelea na jaribio la pili, ambalo ndilo lililonifanya niupende wavu huu kwa moyo wote. Nachukua plaizi na kukata waya mmoja tu katika kila kipande. Kwenye wavu wa kuku, matundu mawili yameungana na kuwa tundu moja kubwa, na nikivuta kidogo hivi, msokoto unalegea na nafasi inazidi kupanuka mpaka vidole vyangu vitatu vinaingia. Hilo si ajabu kwa wavu uliozaliwa kwenye ufumaji: Charles Barnard wa Norwich, Uingereza, alipobuni mashine ya kuutengeneza mwaka 1844, aliichukua njia ya mashine za kufumia vitambaa. Tazameni sasa upande wa kulia. Nimekata waya mmoja, matundu mawili yameungana, lakini nafasi iliyopatikana ni mstatili ambao upana wake bado ni ule ule wa nusu inchi, kwa sababu waya za pembeni zimeshikwa na kuchomelewa kwake na hazikusogea. Nakijaribu kijiti changu hapo penye jeraha, nacho bado hakipiti. Nimelirudia jaribio hili mara nyingi kabla ya kurekodi, na kila mara limenifurahisha, kwa kuwa linaonyesha kwamba kasoro moja ndogo haiangushi ulinzi wa ukuta mzima.

Kuna jambo jingine ambalo wavu wa matundu makubwa hauwezi kulizuia hata ukiwa mzima kabisa. Kuku akilala akiwa ameegemea wavu, mnyama mwenye mikono stadi kama rakuni, yule mnyama wa Amerika anayewinda usiku, huingiza kiganja, humshika na kumvuta, na asubuhi unamkuta ndege wako amejeruhiwa vibaya ndani ya banda ambalo halina hata mkwaruzo. Tundu la nusu inchi halipitishi kiganja.

Mtazamaji mmoja aliuliza kwa nini nisipendekeze matundu ya robo inchi, ambayo huzuia hata panya wadogo wa nyumbani. Nilipoanza kuandaa video hii nilikuwa nimeamua kumjibu kwamba hayahitajiki. Hata hivyo, baada ya kuufunga wavu huo kwenye dirisha moja la hewa, nimelegeza msimamo wangu. Panya mdogo hupita kwenye upenyo wa milimita 6 au 7 hivi, kwa hiyo nusu inchi haimzuii, na nyoka wachanga hawazuiliki pia. Lakini robo inchi mara nyingi hutengenezwa kwa waya mwembamba zaidi, huziba upesi kwa vumbi na manyoya, na banda lisilopitisha hewa hujaa amonia ya kinyesi ambayo huwadhuru kuku mapafu na macho. Kwa hiyo nasema hivi: nusu inchi kwa kuta zote, na robo inchi kwa sehemu ya chini karibu na chumba cha vifaranga, ilimradi uwe tayari kuisafisha kwa brashi kila wiki.

Kuhusu unene wa waya, tafuteni geji 19, yaani takriban milimita moja, na mkumbuke kwamba namba ya geji ikipanda, waya unakonda. Kuna muuzaji aliyenipa geji 23 akiisifu kwamba ni nafuu, nami nikaikunja kwa dole gumba. Ulizeni pia kama wavu ulichovywa katika zinki baada ya kuchomelewa au kabla, kwa sababu zinki iliyowekwa kabla huungua kwenye viungo, na kutu huanzia hapo hapo.

Bei ndiyo inayowarudisha watu nyuma, nami sitawaficha: wavu huu ni ghali kuliko wavu wa kuku, na tofauti yake inaonekana. Msilinganishe bei za roli kwa roli, kwa kuwa upana hutofautiana; pigeni hesabu ya kila mita ya mraba. Wengine wananiambia wamebaki na wavu wa bei nafuu na kuongeza taa zinazowaka na kuzimika au vifaa vya sauti vya kuwatisha wanyama. Vifaa hivyo vina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba mnyama mwenye njaa huvizoea, na akishavizoea hakuna tena kizuizi kati yake na kuku. Mlango unaojifunga wenyewe jua linapozama ni habari nyingine. Ninao mmoja ninaoujaribu, na video yake itafuata baada ya wiki mbili, kwa kuwa sasa chaneli itatoa video moja kila baada ya wiki mbili ili majaribio yapate muda wa kutosha.

Sasa namna ya kuufunga, maana wavu bora uliofungwa vibaya ni sawa na hakuna. Pini za stepla peke yake hazitoshi: nashika ukingo wa wavu uliofungwa kwa pini, navuta, na pini tatu zimetoka kwenye mbao. Huu mwingine nimeufunga kwa skrubu zenye washa pana, kila sentimita 15, nami naning'inia hapa kwa uzito wangu wote bila skrubu hata moja kulegea. Chini ya ukuta, ukunjeni wavu uelekee nje na kuulaza juu ya ardhi kwa upana wa sentimita 30 hadi 60, kisha mwupigilie vigingi na kuacha nyasi ziufunike. Mnyama mchimbaji huanza kuchimba palepale ukuta unapogusa ardhi, anakutana na waya, anasogea kushoto na kulia akiufuata ukuta, na hafikirii kurudi nyuma hatua moja ili aanzie nje ya ukingo wa wavu.

Kipande cha wavu wa kuku nilichokikata nitakitumia kutenganisha majogoo na mitetea ndani ya banda, kazi ambayo kinaifaa. Kona ya kaskazini ya banda langu bado ina wavu wa zamani, na jua linakaribia kuzama, kwa hiyo nazima kamera ili nikaibadilishe kabla kuku hawajapanda kulala.