Siku 11 za mkanda wa kuzuia kubweka, na simu mbovu iliyoushinda

Mbwa wangu anaitwa Kasuku. Jina alijipatia mwenyewe: siku aliyoletwa nyumbani, akiwa na wiki 9, aliongea kutwa. Alibwekea ufagio, akabwekea kivuli chake, akabwekea mlango wa friji. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini kitoto kikibweka ni kichekesho. Kikifikisha kilo 22 na kifua kama ngoma, hakuna anayecheka tena, majirani ndiyo kabisa.

Nilipokuwa natafuta maoni ya watu kuhusu mikanda ya kuzuia kubweka, niliyokuta yalikuwa ya namna mbili. Kuna waliosema "kimya siku ya kwanza, nyota tano", na kuna waliosema "ni ukatili, oneni haya". Wa kwanza waliandika mapema mno, na wa pili wengi wao hawajawahi kuushika mkononi. Mimi niliununua, nikamvisha, nikautumia siku 11, nikauvua. Kwa hiyo naweza kuusema vizuri na vibaya.

Kwanza kifaa chenyewe. Ni kisanduku kidogo, kikubwa kuliko kiberiti kidogo tu, kilichofungwa kwenye mkanda wa nailoni. Upande wa ndani kina ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi ya koo. Ndani yake kuna kihisi ambacho, kwa mujibu wa maelezo, kinasikiliza sauti na kupima mtikisiko wa koo kwa pamoja. Mbwa akibweka mara ya kwanza, kinalia pii. Akirudia, kinatetemeka kama simu. Akirudia tena, shoti ya umeme, yenye viwango 7, na akikaidi kinapanda chenyewe bila kukuuliza. Chaji inadumu, maji hayaingii, kumvisha ni kazi ya dakika moja. Kama bidhaa imetengenezwa vizuri, na hilo nalisema bila kinyongo.

Kijitabu kinaagiza mkanda ubane kiasi cha kupitisha kidole, na usikae shingoni zaidi ya saa 12 kwa siku. Hapo pasome mara mbili. Zile ncha zikiganda mahali pamoja zinachubua ngozi, na chini ya manyoya huoni kitu mpaka pawe kidonda. Mimi nilikuwa namvua kila jioni, na bado siku ya 6 nilikuta vidoa viwili vyekundu vimekaa sambamba kooni, kama ameng'atwa na nyoka mdogo.

Kabla ya kumvisha niliujaribu mkononi mwangu. Kiwango cha 1 ni kama kugusa kitasa baada ya kuvua sweta la sufu. Cha 3 kilinitoa tusi ambalo sikujua kama nalijua.

Nikamvisha. Alibweka, pii, akaangalia dari. Akabweka tena, ukatetemeka, akajikuna shingo kwa mguu wa nyuma. Mara ya tatu alitoa kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, akakimbilia chini ya meza, akakaa huko mkia ukiwa umefichwa tumboni. Kisha kimya. Nikapiga magoti pale sakafuni kumbembeleza. Nilikuwa na furaha na aibu kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na ipi.

Siku tatu nyumba ilitulia. Nikakutana kwenye ngazi na bibi anayeishi juu yetu, ambaye kwa miezi alikuwa ananisalimia kwa mdomo mkavu.

"Mwanangu, nilidhani mbwa umemhamisha."

"Yupo, bibi. Anajifunza kunyamaza."

Uongo. Hakuwa anajifunza chochote. Siku ya 4 aligundua kwamba akilia kwa sauti nyembamba, ya puani, kisanduku hakimsikii. Akalia hivyo saa nzima. Siku ya 5 mbwa wa ghorofa ya chini alibweka, na Kasuku, aliyekuwa amelala usingizi wake wa mchana, akaruka kwa shoti. Hayo madai ya kupima koo na sauti kwa pamoja basi niyaite matumaini ya mtengenezaji.

Kilichonivunja ni siku ya 9. Binti wa jirani, ana miaka 6, ndiye rafiki mkubwa wa Kasuku katika jengo zima. Alipita mlangoni kwetu akimwita. Kasuku akabweka ule mbweko wake wa furaha, wa kurukaruka, mara tatu mfululizo. Unajua kilichofuata. Kesho yake mtoto alipopita, Kasuku alirudi nyuma, akainua mdomo wa juu, akanguruma. Mbwa ambaye hajawahi kumngurumia hata paka! Nilimvalisha siku moja zaidi kwa ubishi tu, kwa kuwa nilikuwa nimelipa, kisha nikauvua.

Mwalimu wa mbwa niliyemtafuta baadaye alinieleza kwa maneno machache. Mbwa hajui kwamba kinachomuuma ni sauti yake mwenyewe. Anachojua ni kwamba alimwona mtoto, na shingo ikaungua. Wewe umemwadhibu kwa kubweka. Yeye amejifunza kuogopa watoto. Ndiyo maana Wales walipiga marufuku mikanda ya umeme ya mbwa na paka tangu mwaka 2010, na si wao peke yao Ulaya.

Mwalimu huyo, kabla hata ya kukubali kazi, aliniomba kitu kimoja: video ya Kasuku akiwa peke yake. Sikununua kamera. Nilichukua simu yangu ya zamani, yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui, nikaiegemeza kwenye rafu ikitazama mlango na dirisha, nikairekodisha, nikaenda zangu. Video ile ilinifundisha zaidi ya miaka miwili ya kuishi naye.

Saa 2:14 asubuhi nafunga mlango. Kasuku anabaki amesimama, pua imegusa ufa wa chini, masikio juu. Dakika ya 3 anaanza kuhema ulimi nje, na hapakuwa na joto. Anakwenda jikoni, anarudi, anakwenda, anarudi. Dakika ya 6 anabweka mara moja. Anatega sikio. Anabweka tena. Ni mbweko wa juu, mwembamba, wenye mwanya uleule katikati, kama mtu anayeita jina la aliyepotea. Alifanya hivyo dakika 26, kisha akajilaza uso mlangoni. Nilikuwa naangalia video hiyo kwenye basi na ilibidi nigeukie dirishani.

Halafu saa 4 na nusu anapita kijana wa kuleta vifurushi. Huyu sasa ni mbwa mwingine kabisa. Yuko juu ya kochi, manyoya ya mgongo yamesimama, mbweko mzito wa haraka haraka. Kijana anaacha kifurushi, anaondoka zake. Kasuku anashuka, anajikung'uta mwili mzima, anatembea sebuleni mkia juu kama aliyeshinda uchaguzi. Kwa hesabu yake amefukuza jambazi. Kila siku jambazi linakuja, kila siku linakimbia. Wewe ungeiacha kazi yenye mafanikio kiasi hicho?

Mwalimu aliangalia dakika chache tu akasema, "Hapa una mbwa wawili. Wa mlangoni anaogopa. Wa dirishani yuko kazini." Mimi nilikuwa nimewavika wote wawili mkanda mmoja.

Wa dirishani alikuwa rahisi, na naona haya kusema urahisi wake. Tulibandika karatasi ya ukungu kwenye kioo, kutoka chini hadi juu kidogo ya kichwa chake akisimama kochini. Mwanga unaingia, watu hawaonekani. Siku hiyohiyo kelele za mchana zilipungua zaidi ya nusu. Kilichobaki kilikuwa hatua za nje na kengele ya mlango, na hapo ndipo tulipofanya kazi kidogo.

Kazi yenyewe ni hii. Anaposikia hatua na kabla hajafungua mdomo (kuna nusu sekunde hivi, anainua kichwa na kufunga pumzi) nasema "asante", namwaga sakafuni vipande vidogo vya nyama, vidogo kama punje ya dengu. Mbwa anayenusa sakafu habweki. Pua ikishika kazi, mdomo unasahau. Kama ameshaanza, nimechelewa: nangoja avute pumzi, nahesabu sekunde 2 za kimya, ndipo natoa. Kesho 3, keshokutwa 5. Kumfokea hakusaidii, kwake yeye unakuwa umejiunga kubweka. Siku ya 4 na ya 5 ya mafunzo haya alibweka kuliko zamani zote na nikakaribia kuutafuta mkanda. Nilikuwa nimeonywa: tabia iliyozoea kulipwa, malipo yakikatika, kwanza inapaza sauti. Mume wangu, kwa huruma zake, akampa biskuti palepale katikati ya kelele "ili anyamaze". Tulirudi nyuma wiki nzima, na tukaongea sana usiku ule, mimi na mume wangu, si Kasuku.

Wa mlangoni ndiye aliyetutoa jasho. Hofu ya kuachwa haitibiwi kwa kumziba mdomo. Unatoka sekunde 10, unarudi kabla hofu haijaanza. Sekunde 30. Dakika 1. Siku nyingine unashuka tena hadi sekunde 20 kwa sababu ameamka vibaya. Simu mbovu iko rafuni muda wote, na unaangalia si mbweko tu bali kuhema, kutembeatembea, kulamba midomo. Katika kipindi hicho hatakiwi kuachwa peke yake kupita uwezo wake, na hapo ndipo wengi hukwama, maana mtu ana kazi. Sisi tuliomba dada yangu, tukaombana zamu, siku chache nikaenda naye ofisini akalala chini ya meza. Ilituchukua wiki 7 kufika dakika 40. Baada ya hapo iliharakika; kutoka dakika 40 hadi saa 3 ilikuwa wiki mbili tu.

Tulikwenda pia kwa daktari wa mifugo, na ningependa ningeanzia huko kabla ya dukani. Alikagua masikio, meno, viungo. Maumivu nayo hubwekesha, na mbwa mzee anayeanza ghafla kubweka usiku huenda masikio au akili imeanza kuchoka. Alinitajia pia dawa, fluoksetini, ileile wanayoandikiwa watu wenye sonona. Marekani iliidhinishwa mwaka 2007 kwa mbwa wenye hofu ya kuachwa, itumike pamoja na mafunzo, si badala yake. Kasuku hakufika huko. Angefika, nisingeona aibu kumpa.

Kwa wanaouliza kuhusu vifaa vingine: nilijaribu kile kisanduku cha ukutani kinachotoa sauti ambayo sisi hatuisikii. Binadamu tunaishia kama hertz 20,000, mbwa wanavuka 40,000. Wiki ya kwanza alishangaa, ya pili alibweka akikitazama. Rafiki yangu naye alitumia mkanda unaopuliza mafuta ya jamii ya mchaichai. Hauchomi, lakini fikiria pua yenye nguvu kiasi kile, na harufu imeganda kifuani mwake mchana kutwa wakati kosa lilikwisha kwa sekunde moja. Na kuna upasuaji wa kukata nyuzi za sauti. Sitausema zaidi ya kwamba mkataba wa Ulaya wa wanyama wa kufugwa nyumbani, wa mwaka 1987, uliukataza, na baada ya kupigwa kisu mbwa bado anabweka, ila kwa sauti ya mkwaruzo.

Alama zangu basi. Mkanda: nyota moja na nusu; moja ya ufundi, nusu ya kijitabu kinachosema ukweli kuhusu vidonda. Karatasi ya dirishani: nyota tano. Mwalimu: nne, moja nimeikata kwa sababu hajibu ujumbe mpaka siku ya tatu. Kasuku mwenyewe bado anabweka. Gari la taka linapata mbweko tatu, nne likija mapema, na tumekubaliana naye hivyo. Kwa yule binti ilihitaji miezi miwili ya vipande vya nyama vilivyorushwa kutoka mbali, kila siku hatua moja karibu zaidi, hadi siku Kasuku alipomkaribia mwenyewe na kumwekea kichwa magotini.

Wiki iliyopita jamaa wa ghorofa ya chini, mwenye yule mbwa aliyemsababishia Kasuku shoti usingizini, aligonga hodi. Kasikia nina mkanda nisioutumia.

"Dada, niazime hata wiki moja tu. Wangu amenishinda."

Nikamwambia betri yake imekufa. Nikaingia ndani, nikamletea ile simu yenye kioo kilichopasuka, pamoja na chaja yake.