TAHADHARI: Muuzaji wa diski za "SACD" na "DVD-Audio" huku Malindi na Lamu anauza DVD za kuchoma

Jamaa wa Lamu, Malindi na Watamu mnaopenda muziki wa spika sita, someni hapa kabla hamjatuma pesa. Mimi nishaliwa shilingi 9,000, na juzi nimeona watu watatu wanamuulizia bei yule yule. Jina lake silitaji. Nitawaeleza mtego wake ulivyo, maana jina na nambari anabadilisha kama kanzu.

Alituma picha ya rafu imejaa diski, chini yake maneno haya: "Mali ya Muitaliano aliyerudi kwao. Original. Saraundi 5.1. Mashine yoyote inapiga." (5.1 ni spika tano na sabufa moja.) Nani wa huku atashangaa? Malindi kila mara kuna Muitaliano anayefunga nyumba na kuuza kochi, friji, mpaka sufuria. Nikachagua sita, zote za aina zinazoweza kubeba muziki wa spika nyingi: mbili za SACD, mbili za DVD-Audio, moja ya DTS na moja ya Blu-ray. Nikalipa kwa M-Pesa. Siku ya pili mzigo ukashuka Mokowe kwa basi, nikauvusha kwa boti hadi nyumbani Langoni, roho yangu nyeupe.

Sasa lile neno "mashine yoyote inapiga". Hapo ndipo ningemshika, na sikumshika. Hakuna mtu anayezijua diski hizi anayesema hivyo. Blu-ray ya kweli haipigi kabisa kwenye pleya ya DVD, mashine haiitambui. Yangu nilipoitia kwenye DVD ya zamani ya ami yangu, ikaanza kuimba bila wasiwasi. Nikajua nimechezewa shere.

Ya kwanza niliyoigeuza ilikuwa "SACD". Nilikuwa darini, jua la saa nne, na tumbo la diski likawa zambarau kama biringani. SACD hupigwa kiwandani, hakuna mtu anayeichoma kwenye kompyuta ya nyumbani. Sony na Philips waliitoa mwaka 1999, na nyingi ni za tabaka mbili: moja ni CD ya kawaida ambayo redio yoyote ya CD inaisoma, na nyingine ndiyo SACD yenyewe, ambayo ni lazima uwe na pleya yake. Kompyuta ya kawaida hailioni hilo tabaka la pili, itakuonyesha nyimbo za CD basi. Yangu kompyuta ilinionyesha folda ya VIDEO_TS. Yaani DVD ya video, imebandikwa karatasi ya printa juu, na karatasi yenyewe kwa unyevu wetu huu wa bahari imeanza kunyanyuka pembeni.

Kwa DVD-Audio alama iko wazi zaidi. Aina hii ilitoka mwaka 2000, na muziki wake mzuri hukaa kwenye folda ya AUDIO_TS, mafaili yanayoishia na AOB. Folda hiyo utaikuta hata kwenye DVD nyingi za filamu, lakini tupu. Fungua ndani. Zangu mbili, zote tupu, sifuri. Muziki wote ulikuwa upande wa video, umebanwa kwa Dolby Digital, njia ya kubana sauti inayopoteza sehemu yake, ya kilobiti 448 kwa sekunde, na hizo zimegawanywa kwa chaneli sita, yaani kila spika na sauti yake. DVD-Audio ya kweli inaweza kukupa chaneli zote sita kwa biti 24 na kHz 96, imekunjwa bila kupoteza kitu. Ni kama kuagiza nguru mzima ukaletewa mchuzi wake.

Nilipompigia simu alinijibu kwa upole, tena kwa heshima: "Ami, mashine yako ndiyo ndogo. Tumia kebo ya optiko utasikia." Hapa msikilize vizuri, kwa sababu uongo wake ameuchanganya na ukweli nusu. Ni kweli mashine zina mambo. Diski ya DTS, kwa mfano, ukiitia kwenye redio ya CD isiyo na dikoda (kifaa cha kuifungua sauti iliyobanwa), itakutolea mvumo shhhh kama samaki kwenye mafuta ya moto, na hiyo si kasoro, ndivyo ilivyo. Lakini kebo ya optiko haibebi chaneli sita za SACD wala za DVD-Audio. Hizo zinataka HDMI, au nyaya sita za RCA kutoka kwenye pleya hadi kwenye risiva, ile mashine inayoendesha spika. Nikafanya alivyosema, na taa ya risiva ikaandika "Dolby Digital". Risiva ikamsuta kabla yangu.

Ile ya DTS ndiyo iliyonisumbua, kwani kiufundi ni DTS kweli. Risiva inaitambua, spika zote zinatoa sauti. Basi nikang'oa waya za spika tatu za mbele na sabufa, nikabaki na mbili za nyuma, nikaweka sikio karibu. Mchanganyo wa sauti ulioketiwa ukafanywa na fundi, nyuma unasikia kitu chake: waitikiaji, makofi ya watu, zumari inayopita. Mimi nikasikia wimbo mzima, mwimbaji na kila kitu, umecheleweshwa kidogo, kama mtu anayeimba ndani ya birika la hamamuni. Hiyo ni stereo iliyopitishwa kwenye programu na kutawanywa. Mwana wa dadangu akaifungua kwa Audacity, programu ya bure, akaitazama kwa mwonekano wa spektrogramu, picha inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu: juu ya kHz 16 hakuna kitu, pamekatwa kama kwa kisu. Mkato wa namna hiyo mara nyingi ni MP3 ya kilobiti 128. Kwa hivyo chanzo ni MP3, ikapanuliwa, ikavishwa DTS, nikauziwa shilingi 1,500.

Na kuna la kuchekesha. Kabla sijamgombeza aliniambia ana zawadi ya wateja wa Lamu: Siti binti Saad, 5.1, "kutoka master", yaani rekodi ya asili. Siti alirekodi Bombay mwaka 1928, kwa sahani za santuri za chaneli moja. Hizo chaneli tano nyingine zilitoka wapi, baharini?

Wengine mtaniuliza, basi katika hizi za kweli ipi bora? Nimewahi kusikiliza SACD na DVD-Audio halisi kwa rafiki mmoja Mombasa, kwenye risiva moja na spika zile zile. Wallahi sikuweza kuzitofautisha kwa sikio langu. DTS ya CD huibana sauti na kupoteza sehemu yake, chaneli sita ndani ya kilobiti 1,235 kwa sekunde, wakati CD ya kawaida inatumia 1,411 kwa mbili tu, na hata hivyo ikichanganywa na fundi mwenye sikio inanipendeza kuliko SACD iliyochanganywa ovyo. Blu-ray ndiyo rahisi kwa leo, inabeba sauti isiyopotezwa na pleya zake zinapatikana. Lakini yote hayo ni mazungumzo ya barazani. Mali yake hii haimo hata kwenye mashindano.

Pesa sikurudishiwa. Nambari ya 456, ile ya kuomba M-Pesa irudishe pesa, ni ya mtu aliyetuma kimakosa, na mimi nilituma kwa niliyemkusudia. Nimeripoti polisi na nikabaki na nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Mkikutana naye, mwambieni apige picha tumbo la diski kwenye mwanga, na apige video ya folda ya AUDIO_TS ikifunguliwa. Mimi nilipomwomba hivyo kwa diski nyingine aliniblock dakika ile ile.

Jana usiku picha ya rafu ile ile imerudi, nambari mpya. Mara hii ni mali ya Mjerumani wa Diani.