Uzoefu wangu: shati la batiki la Tanga na fedha ya fundi wake

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila anayeliona mwilini mwangu: shilingi 45,000. Ni shati la batiki, mikono mifupi, pamba tupu, kazi ya kikundi cha akina mama hapa Tanga, pande za Ngamiani. Wengi wakiisikia bei hiyo wanaguna, na mitumbani kweli fedha hiyo inakutosha mashati kadhaa na nauli ya daladala inabaki. Lakini nimelivaa na kulifua vya kutosha, na waliolishona nimekaa nao, kwa hiyo naweza kusema fedha ile ilikwenda kwa nani. Kwa nguo nyingine zilizomo kabatini mwangu siwezi.

Ukiligeuza nje ndani ndipo unapoiona kazi. Mishono ya ubavuni imekunjwa ikapigwa mara mbili, hakuna uzi unaoning'inia, na begani wametia kitambaa cha pili ili pasivutike. Vifungo ni vya kifuu cha nazi, vimesuguliwa mpaka vinateleza, na cha akiba kimeshonewa kwa ndani karibu na pindo. Kilichonifurahisha zaidi ni kifuani: maua ya upande wa kulia yanakutana na ya kushoto pale panapofungwa vifungo. Aliyewahi kukata batiki anajua kwamba kulinganisha hivyo kunakula kitambaa na kunakula muda. Fundi anayehesabiwa mashati kwa saa hawezi kulifanya. Na kwa joto letu la kaskazi, Januari mpaka Machi, jasho linakauka humo humo, halinati mgongoni.

Kasoro zipo. Rangi ya buluu ilichuja mwanzoni, kwa hiyo lifue peke yake kwa maji ya baridi na ulianike kivulini. Saizi ni tatu tu, na ile kubwa haimtoshi mtu mwenye kifua kipana. Ukitaka la vipimo vyako, jiandae kusubiri: nililoahidiwa Jumamosi nililipata katikati ya wiki iliyofuata, na hawakunipigia simu kuniarifu. Hapo waliniudhi, na niliwaambia.

Nilipokwenda kulichukua niliomba kuona uani wanakochovya. Mihuri ya maua wanaichonga kwa sponji ya godoro, wanaichovya kwenye nta iliyoyeyuka, wanaigandamiza juu ya kitambaa cheupe. Rangi haiingii penye nta. Baadaye kitambaa kinachemshwa, nta inatoka, ua linabaki. Rangi zenyewe zinachanganywa na kostiki soda, na kostiki haina mchezo: inachoma ngozi, na mvuke wake unawasha macho na kifua. Kila aliyekuwa kwenye beseni alivaa glavu ndefu za mpira na miwani, na jiko la nta lilikuwa mbali na watoto, chini ya paa lililo wazi pande zote. Mama mmoja wa makamo alinionyesha makovu mkononi, juu kidogo ya kiganja.

"Haya si ya hapa, mwanangu. Kule nilikokuwa mwanzo glavu tulikuwa tunazisikia tu. Ukiungua, unakwenda kuugulia kwako, na siku hiyo hulipwi."

Nikamuuliza, "Na hapa ukiumwa, mama?"

"Hapa kuna mfuko. Si mkubwa, lakini upo."

Mfuko huo umo kwenye daftari lao la hesabu, ambalo mweka hazina alinifungulia bila kuombwa mara mbili. Shati langu limeandikwa hivi: kitambaa 11,000; rangi, nta na vifungo 6,000; aliyepiga muhuri na kuchovya 8,000; aliyekata na kushona 12,000; pango na umeme 4,000; mfuko wa kikundi 4,000. Yaani shilingi 20,000 kati ya 45,000 zimeingia mikononi mwa wanawake wawili walioifanya kazi. Katika nguo za viwanda vikubwa vinavyouza duniani kote, anachopata mshonaji huwa ni asilimia chache tu ya bei ya dukani.

Ila kiasi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni lini fedha inalipwa, na hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapoumia. Mchovya batiki anapeleka vitambaa dukani kwa mali kauli: mwenye duka anauza kwanza, analipa baadaye, na baadaye hiyo inaweza kuwa baada ya Idi mbili. Wakati huo huo rangi na nta zimenunuliwa kwa mkopo wenye riba. Kikundi hiki kimekataa mali kauli. Kina mteja wa nje anayeagiza mashati na mikoba ya katani, naye hutanguliza nusu ya bei kabla sindano haijagusa kitambaa. Hiyo si hisani yake. Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, linalotetea biashara inayomlipa mzalishaji kwa haki, lina kanuni 10, na mojawapo inataka mnunuzi wa kazi za mikono atangulize angalau asilimia 50 bila riba, mzalishaji akiomba. Akina mama wakaona kinachomfaa Mzungu kinamfaa na mtu wa Chumbageni hapa hapa Tanga, kwa hiyo hata mimi nililipa nusu siku ya kupimwa. Siku ile nilisita kidogo. Sasa naona ndiyo sehemu ya maana kuliko zote katika huduma yao.

Maana fundi ambaye ameshalipwa anaweza kukataa. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, kule Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa nguo za makampuni ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia. Benki na maduka ya chini yakafungwa, lakini washonaji wa juu wakaamriwa warudi mashineni, na wengine walitishiwa kukatwa mishahara. Walizijua zile nyufa. Walichokosa ni uwezo wa kusema hapana na bado wapate chakula mwezi ule. Kwa hiyo nikisikia mtu anaiita biashara ya haki mapambo ya watalii, nakataa kabisa.

Pasipokamilika pia pasemwe. Niliuliza pamba ya kitambaa imelimwa wapi, hakuna aliyejua. Wanakinunua kwa jumla Kariakoo. Inauma, kwa sababu pamba tunayo, Simiyu, Shinyanga, Mwanza, na sehemu kubwa tunaisafirisha nje ikiwa marobota, haijawa hata uzi. Mkulima wa Meatu hayumo kwenye lile daftari. Na wenye ndugu wanaowaletea nguo kutoka Ulaya wajue kwamba alama ya Fairtrade ya pamba, yaani nembo ya biashara ya haki inayowekwa kwenye bidhaa, inamhusu mkulima: kiwango cha bei kisichoshushwa, kinachomlinda, na nyongeza kwa ajili ya maendeleo ya kijiji. Haimaanishi kwamba aliyeketi kwenye cherehani amelipwa vizuri. Kiwango cha Fairtrade kinachowagusa wafanyakazi wa viwanda vya nguo kilitolewa 2016 tu, na bado ni nguo chache zinazokifuata. Kikundi chetu hakina nembo yoyote. Kina daftari, na kwangu limetosha, kwa sababu niliruhusiwa kuuliza kila mstari.

Kwa tano nawapa nne. Moja nimeibakiza kwa ajili ya saizi na ile simu ambayo haikupigwa. Ukitaka la Idi, peleka vipimo mwezi mmoja kabla, utangulize nusu, na usiombe kupunguziwa kwenye ile 12,000 ya mshonaji. Kama huna uwezo wa shati zima, wanauza kitambaa kwa mita na mikoba midogo, na hesabu za hivyo pia zimo humo humo daftarini.